Benchi la Nje ya Dirisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa benchi.

Nilikuwa nimeshuka kutoka Mamboya na sanduku la bati, cheti changu cha sekondari nimekilaza ndani ya Biblia ya mama ili kisijikunje, na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likawa gumu kama karatasi. Nchi ilikuwa imepata Uhuru juzijuzi tu, na sisi tuliomaliza shule tulidhani kila meza nchini inatungoja. Meza iliyonikubali ilikuwa katika ofisi ya shamba la mkonge upande wa Rudewa. Jina la shamba naliacha. Waliolitumikia watalitambua, na wengine halitawaongezea kitu.

Karani Mkuu alikuwa mzee wa tambarare, mtu wa kofia nyeupe na kaptula ya kaki, ambaye alianza kazi za ofisi kabla sijazaliwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akachukua cheti changu na kukisoma taratibu mpaka mstari wa mwisho.

“Kiingereza umepata vizuri,” alisema. “Hesabu vizuri. Kukaa je, umepata ngapi?”

“Kukaa, mzee?”

“Kukaa. Toka nje, chini ya dirisha kuna benchi. Kaa pale mpaka saa sita. Ukiulizwa wewe nani, sema unasubiri kama wao.”

Nilitoka nimenuna. Benchi lilikuwa ubao mrefu uliolainishwa na makalio ya watu, na lilikuwa upande ambao jua la asubuhi hulifikia mapema. Palikuwa na mama mwenye mtoto mgonjwa aliyetaka karatasi ya kwenda zahanati, mkataji aliyechomwa na mwiba wa mkonge karibu na jicho, na wazee wawili waliotaka kusomewa barua. Kila dirisha lilipofunguliwa wote walisimama. Kutoka ndani sauti ya karani mmoja ilisema, “Subiri,” na dirisha likafungwa. Wote walikaa. Nilihesabu hilo “subiri” mara saba, na katika zote saba mwenye kulisema hakuinua kichwa.

Saa sita niliitwa ndani.

“Umeona nini?” Karani Mkuu aliuliza.

“Nimeona kwamba anayesema subiri hajui jua limefika wapi.”

Alinitazama kidogo, kisha akavuta droo. “Haya, bwana mdogo. Sasa chukua kalamu.”

Siku hizi nasikia mambo haya yana semina na washauri wanaotoka mjini na chati. Sisi tuliyaita adabu za dirisha tu. Ninyi mnaoanza kazi leo mnaweza kucheka, lakini ofisi ya shamba ilikuwa na mambo mengi kuliko ilivyoonekana kutoka barabarani. Mkonge ulikatwa alfajiri, majani yakafungwa mafungu, yakapelekwa korona, ile mashine kubwa inayoyakamua na kuacha singa, zile nyuzi nyeupe. Kila mkataji alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi yake ya kila siku. Na watu wenyewe walitoka kila pembe: Songea, Iringa, Dodoma, Kigoma, pamoja na wenyeji wa hapa Kilosa. Kosa moja dogo la ulimi dirishani liliweza kuleta ugomvi uliokwenda mpaka mstari wa asubuhi, wakataji wanapohesabiwa.

Kazi iliyohitaji adabu kuliko zote ilikuwa kusoma barua. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo barua na telegramu zao zilikuja kwa jina la ofisi, nasi makarani tukawasomea. Karani Mkuu alinifundisha kwa vitendo. Kwanza unaisoma kimya, peke yako, mpaka mwisho. Usifungue kinywa kabla hujajua barua inakwenda wapi. Pili, unawaomba wengine wasogee, hata kama mwenyewe anasema hana siri. Tatu, ukishasoma, umesahau. Siku moja nilimsikia akiulizwa sokoni na mke wa nyapara kuhusu barua ya jirani yake. Alijibu, “Mama, mimi macho yangu yanasoma, masikio yangu hayasikii,” akaenda zake kununua vitunguu.

Baada ya Azimio shamba lilichukuliwa na umma. Meneja wa zamani, Mgiriki, alituaga kwa mkono mmoja mmoja akaondoka na mbwa wake. Akaja Meneja mpya, mtu wetu, mpole, aliyependa mikutano. Mwaka huohuo Karani Mkuu alistaafu. Aliniachia funguo mbili na benchi. Tangu hapo kila mwajiriwa mpya wa ofisi alipitia kwangu, nao wakazoea kuniita Mwalimu ingawa ualimu sikuusomea.

Walikuwa vijana wa wakati ule, damu inachemka. Mmoja alimwambia mzee wa miaka sabini, “Ndugu, unasemaje?” bila shikamoo wala nini. Mzee alichukua fimbo yake akarudi nyumbani, na karatasi aliyoijia hakuichukua tena wiki nzima. Nilipomuuliza baada ya wiki hiyo, kijana akajitetea: “Mwalimu, si sote ni ndugu sasa?” Nikamwambia, “Ni ndugu yako, ndiyo. Na ndugu yako mkubwa unamsalimuje nyumbani?” Kesho yake alimfuata yule mzee kambini na karatasi mkononi. Alirudi anacheka, amepewa mua.

Kati ya wote niliowafundisha, nataka kusema juu ya Felista.

Alitoka Iringa, Mhehe, binti wa miaka ishirini na moja hivi, mwanamke wa kwanza kukaa nyuma ya dirisha letu. Alikaa kwenye benchi siku yake ya kwanza bila kununa, na saa sita nilipomuuliza ameona nini, alisema, “Nimeona benchi ni fupi. Watu sita wanasimama.” Tukaongeza ubao. Mkono wake wa kuandika ulikuwa mzuri, na sauti yake ilikuwa ya kuchangamsha. Alikuwa katika miezi yake sita ya majaribio. Nyumbani alikuwa na mama mjane na wadogo wanne, na kazi hii ndiyo ilikuwa inawasomesha.

Mara moja alipata mtani. Mzee Ngonyani alikuwa mkataji wa siku nyingi, Mngoni wa Songea, mwenye kofia aliyoishona mwenyewe kwa gunia na mguu mmoja uliokuwa ukiburuta kidogo. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, na wawili hawa hawakuacha vita vipoe.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mateka wangu. Babu zako bado wanakimbia?”

“Wanawakimbiza wa kwenu. Ndiyo maana hawajafika.”

“Mke wangu, leo umenipikia nini?”

“Nimekupikia mavumbi. Sogea, wenye shida wapite.”

Benchi zima lilikuwa likingoja hayo kila asubuhi. Mtu aliyekuja na hasira aliondoka nayo nusu. Mimi nilifurahi, nikawaambia wengine: tazameni Felista anavyojua watu. Na nikaongeza somo ambalo nilijivunia sana wakati ule. Nilisema: habari nzito mpe mtu kwa sauti ileile aliyoizoea kwako, asije akashtuka.

Wiki moja Felista alimsomea Mzee Ngonyani barua ya mpwa wake. Salamu, mvua, mahindi, kisha kwa kichwa chake mwenyewe akaongeza: “Na yule ng’ombe wako mwekundu ameolewa kwa Wahehe, mahari italetwa.” Watu walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye benchi. Kanuni ya Karani Mkuu ilikuwa imevunjwa mbele yangu, maana barua husomwa kama ilivyoandikwa. Lakini nami nilikuwa nacheka.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kilosa mjini, stesheni, nikifuatilia mizigo ya ofisi. Telegramu ikaja kutoka Songea. Dada yake Mzee Ngonyani mgonjwa sana, aje haraka. Felista aliisoma kimya, kama nilivyomfundisha. Aliwaomba wengine wasogee, kama nilivyomfundisha. Kisha akamwita mzee dirishani na kumwambia kwa sauti aliyoizoea, kama nilivyomfundisha.

“Mngoni, jeshi lenu linapungua. Telegramu imekuja, dada yako ni mgonjwa sana, unaitwa nyumbani.”

Mzee alipiga kofi dirishani kwa kicheko. “Wiki jana ng’ombe kaolewa, leo dada kaugua! Kesho utaniua mimi mwenyewe!” Akavaa kofia yake, akaenda kukata mkonge.

Felista alidhani anacheka kama wanaume wazima wanavyocheka wasilie mbele za watu. Aliamini mzee amekwenda kufunga mzigo. Akafungua daftari la barua akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: Amearifiwa.

Siku ya tatu, nimesharudi, alikuja mezani kwangu midomo imemkauka.

“Mwalimu, Mzee Ngonyani yuko mstarini.”

“Alitakiwa awe wapi?”

“Songea.”

Alianza kunieleza akiwa amesimama. Sikusubiri amalize. Nilichukua baiskeli mpaka ndani ya shamba, nikamkuta mzee ameinama katikati ya safu, panga linakwenda. Njiani nilikuwa nimetunga maneno mengi. Yote yaliniponyoka. Nilikaa juu ya fungu la majani, nikamwita kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, jinsi ambavyo hakuna mtu shambani aliyewahi kumwita.

“Weka panga chini, baba.”

Alinitazama. Akavua kofia.

“Kumbe,” alisema. Kisha: “Siku ngapi?”

“Hii ni ya tatu.”

Meneja alitoa gari bila kuuliza maswali. Tulipopita ofisini kuchukua telegramu, Felista alikuwa amesimama mlangoni. Mzee alimpita bila kumtania. Wote waliokuwa kwenye benchi waliona.

Nilimsindikiza mpaka Mikumi, kwenye barabara kuu, asubiri basi la kwenda Iringa na mbele yake. Tulikaa juu ya mzigo wake kando ya barabara. Upande wa pili pundamilia walikuwa wakila majani kama mbuzi wa mtu. Aliniambia kwamba mama yao alifariki yeye hajaota meno yote, na dada huyu, msichana wa miaka kumi, ndiye aliyemtafunia chakula na kumbeba mgongoni mashambani.

“Yule mtoto umemfundisha wewe?” aliniuliza.

“Ndiyo, mzee.”

“Umemfundisha vizuri kusema.” Alifikiri kidogo. “Mimi mwenyewe ningekuwa ndani ya lile dirisha ningesema hivyohivyo. Ndiyo shida.”

Basi likaja, akapanda, mguu wake ukiburuta. Nilibaki nikiitazama barabara inavyonyooka kuelekea kusini, na bila aibu nitakiri kwamba hata katika huzuni ile miguu iliniwasha kwa hamu ya safari. Ni ugonjwa wangu wa siku zote, nitausema baadaye.

Habari kama hizo hazikai. Zilimfikia Afisa Utumishi, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam aliyeletwa kutengeneza majalada yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anaamini kwamba kila jambo lina fomu yake. Alimwandikia Felista kwamba majaribio yake yatasitishwa, ila akasubiri mlalamikaji arudi atoe maelezo. Mwezi karibu mzima Felista alifanya kazi bila kuinua sauti. Watu wa benchi walihudumiwa haraka kuliko zamani, na hawakupenda.

Mzee Ngonyani alirudi kichwa kimenyolewa. Hakupita kambini, alikuja moja kwa moja. Tuliitwa wote chumbani kwa Meneja: mzee, Felista, mimi, na Afisa Utumishi na jalada lake.

“Pole sana, mzee,” Meneja alisema. “Ulimkuta?”

“Nilikuta udongo haujakauka. Amezikwa jana yake.”

Jana yake. Felista aliweka mkono kinywani. Hapakuwa na mahali pa kujificha ndani ya maneno hayo. Siku tatu alizompotezea zilikuwa nyingi kuliko alizohitaji mzee.

Afisa Utumishi alifungua kalamu. “Sasa, mzee, tunataka malalamiko yako. Huyu mtumishi alikufanyia mzaha katika jambo zito. Sivyo?”

“Hakufanya mzaha. Alinipa habari, mimi nikacheka.”

“Lakini kwa nini ulicheka?”

“Kwa sababu ni mtani wangu.”

“Mzee, hii ni mali ya umma. Mambo ya Mngoni na Mhehe tumeyaacha. Tunajenga taifa.”

Mzee Ngonyani alivua kofia ya gunia akaiweka juu ya meza ya Meneja, juu kabisa ya jalada. “Mwanangu, babu yangu na babu yake walichomana mikuki. Mimi na yeye tunachomana maneno, tunakula pamoja. Unataka turudi kwenye mikuki? Andika hivi. Mtani akikosea msibani, adhabu yake iko kwetu. Haimo humu.” Aligonga jalada kwa kidole.

Hapo nilijua kwamba nikinyamaza nitaishi na ukimya huo maisha yangu yote. Nikasema. Nilisema kwamba somo lile ni langu, nililitoa mbele ya watu na kujivunia, na wiki iliyotangulia nilikuwepo barua ikiongezwa ng’ombe, nikacheka.

“Unajua utaandikiwa onyo?” Afisa Utumishi aliniuliza.

“Najua.”

“Na lile pendekezo la kukupandisha cheo…”

“Najua, bwana.”

Meneja alikohoa, akaisogeza kofia taratibu, akaandika kwamba majaribio ya Felista yaongezwe miezi mitatu chini ya usimamizi wangu. Barua yangu ya onyo ninayo mpaka leo. Ndiyo karatasi pekee ya kazi niliyoitunza.

Tulipotoka, Felista alikaa kwenye benchi, akalia. Mzee Ngonyani alikaa pembeni yake, akamwacha amalize.

“Adhabu yako ya kwanza ni kuku,” alisema mwishowe. “Jogoo. Umpike mwenyewe, na ugali usiwe na madonge kama wa kwenu.”

Felista alijifuta. “Wa kwetu hauna madonge.”

“Ya pili ni hii. Nikifa, popote utakapokuwa, uje unizike. Siku hiyo ndiyo ufanye utani wako wote, nitakuwa siwezi kujibu.”

“Nitakuja, Mzee.”

“Sema sawasawa.”

“Nitakuja, Mngoni.”

Tangu siku ile nilibadilisha somo. Habari nzito haipitishwi dirishani. Unafunga dirisha, unatoka nje, unakaa kwenye benchi ubavuni mwa mtu. Unamwomba akae kama amesimama. Unamwita kwa jina lake kamili. Kisha unasema, “Leo hakuna utani,” ndipo unaisema habari kwa maneno machache, na unabaki pale mpaka yeye mwenyewe asimame. Felista aliwafundisha hilo wengine vizuri kuliko mimi. Alithibitishwa kazini, na miaka michache baadaye alikuwa Karani Mkuu.

Mimi niliondoka. Sikufukuzwa na mtu. Nilikuwa nimeiona ile barabara. Nilifanya kazi Kilosa mjini katika bohari la ushirika, nikifundisha wapokeaji mizigo namna ya kumwambia mkulima wa Magole kwamba pamba yake imekataliwa bila kumfanya ajione yeye ndiye aliyekataliwa. Bwana Bohari alikuwa mtu wa kelele, aliyenipenda kwa sababu mimi sikuwa na kelele. Nikaenda Morogoro, nikarudi. Nikaishia Mikumi, kwenye nyumba ya wageni, nikiwafundisha wahudumu wapya. Nao niliwaanzisha kwenye viti vya mapokezi, wangoje kama wageni waliochoka na vumbi. Kila mahali nilipoanza kuzoeleka, nilianza kufunga sanduku. Marafiki wameniuliza mara nyingi ninakimbia nini. Sikimbii. Napenda tu siku ya kwanza ya mahali.

Nimeacha kazi za kuajiriwa mapema, nina miaka arobaini na kitu, na wenzangu wananiona mvivu au mwendawazimu. Nikiwaza hayo yote, naona wakubwa zangu walinifundisha kusoma, kuandika na kupanga majalada kwa muda mfupi sana. Yaliyobaki yalichukua miaka, nami niliyakosea mbele ya watu. Vijana, mtakosea pia. Mkikosea, msiliache jina la mwanafunzi peke yake ndani ya jalada.

Mwaka jana nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu hapa Mikumi, sanduku miguuni, nangoja basi la kusini kama kawaida yangu, mhudumu wa nyumba ya wageni alipokuja mbio na barua. Ilikuwa imezunguka ikinitafuta kwa muda mrefu. Bahasha ilikuwa imeandikwa na kufutwa, Rudewa, Kilosa, Morogoro, Kilosa tena. Mwandiko niliutambua kabla sijaifungua.

“Mwalimu wangu, shikamoo,” Felista alikuwa ameandika. Chini ya hapo, mstari peke yake: “Kama umesimama, tafadhali kaa.” Kisha akaniandikia kwa majina yangu yote, na la baba yangu. “Leo hakuna utani. Mzee Ngonyani amefariki, kwao Songea. Nilikwenda. Nilivaa kofia yake ya gunia, nikatembea kama yeye kulizunguka kaburi, mguu nikiuburuta, nikamwambia babu zetu wamefika. Ndugu zake walicheka mpaka wakalia. Tulikungoja, hatukujua uko wapi.”

Basi likaja. Utingo akapiga bodi, akaniita, “Mzee, twende, nafasi ipo!” Nikamwonyesha kwa mkono waende. Mbele ya duka la vipuri palikuwa na benchi, ubao mrefu juani. Nilivuta sanduku langu, nikakaa, na nilikaa pale mpaka saa sita.